"Stadi imekatika": chuma chenye nyuzi pande mbili kinachoshika injini ya bodaboda yako

Dereva wa bodaboda anayepandisha abiria na mkungu wa ndizi kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu anajua mlima ule unavyoitesa injini. Siku pikipiki ikianza kukosa nguvu, ikatoa sauti ya "tsii tsii" na oili ikavuja pale hedi inapokutana na silinda, huenda fundi akafungua na kusema: "Waitu, stadi imekatika." Leo tunaeleza stadi ni nini, na kwa nini kuibadilisha kwa chuma chochote kunaweza kukugharimu injini nzima.

Stadi si bolti

Bolti ina kichwa. Stadi haina. Ni chuma cha mviringo chenye nyuzi, ambazo mafundi wengi huita sredi, pande zote mbili. Upande mmoja huzama kwenye bodi ya injini na kubaki humo. Upande wa pili hupokea nati. Kwenye pikipiki nyingi za silinda moja, stadi nne ndefu hushika silinda na hedi, na mbili fupi hushika ekzosi. Utazikuta pia kwenye injini za dizeli za mashine za kusaga nafaka na kukoboa kahawa.

Kwa nini isiwekwe bolti? Bodi ya injini ni ya aluminiamu, laini kuliko chuma. Bolti ikifunguliwa na kufungwa mara kwa mara, nyuzi za bodi huliwa, na bodi ni ghali. Kwenye stadi, kinachozunguka ni nati tu. Ikichakaa, unanunua nati au stadi, si bodi.

Sababu nyingine ni joto. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemka, stadi huvutwa kidogo kama mpira, na ikipoa hurudi. Iliyokazwa kupita kiasi haina tena nafasi ya kuvutika. Hurefuka isirudi, au hukatika.

Kiwandani

Chuma hukatwa vipande, kisha nyuzi hutengenezwa kwa njia mbili: kuchonga au kubana. Kuchonga huondoa chuma. Kubana hupitisha kipande katikati ya vyuma viwili vigumu vyenye mifereji, na chuma huumuka kufuata mifereji hiyo. Ndiyo maana stadi ya milimita 8 huanza na unene wa takriban milimita 7.1. Nyuzi za kubanwa huvumilia mtikisiko zaidi. Stadi za kazi nzito hupashwa moto mkali, huzimwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo zaidi ili ziwe ngumu bila kuvunjika kama kioo.

Ukiona namba 8.8, maana yake kila milimita ya mraba huhimili mvuto wa takriban kilo 80 kabla ya kukatika. Chuma cha 4.6 huhimili nusu yake. Kipande cha nondo kilichochongwa nyuzi mtaani hakijapitia hatua hizo.

Ukiwa kwa fundi

- Injini ifunguliwe ikiwa imepoa.
- Stadi nzima hutolewa kwa kubananisha nati mbili juu yake, kisha kuzungusha ile ya chini. Koleo huumiza nyuzi.
- Stadi mpya ilingane na ya zamani kwa urefu, unene na nafasi ya nyuzi. Omba uzione zote mbili.
- Nati zikazwe kwa kukingamana, kidogo kidogo, si moja hadi mwisho.
- Stadi ya milimita 6 kwa kawaida hukazwa kwa nguvu sawa na kuning'iniza kilo 5 za sukari kwenye ncha ya spana ya sentimita 20. Anayerefusha spana kwa bomba anaikata.
- Nyuzi za bodi zikiliwa, zipanuliwe na kuwekewa koili ya chuma. Gundi haitashika.

Kabla ya kulipa, dai stadi yako ya zamani. Ikiwa imekatikia mwanzoni mwa nyuzi, mwulize fundi aliyopita kuikaza alitumia nguvu kiasi gani.