Hiyo Nambari ya Huduma kwa Wateja Umeitoa Wapi?

Wakazi wengi wa Homa Bay na Migori sasa wanajua kujihadhari na mgeni anayepiga simu akidai wameshinda zawadi, au kwamba mtoto ameugua ghafla shuleni. Ulaghai tunaoueleza hapa una tofauti moja kubwa: anayepiga simu ni wewe. Una shida, unatafuta nambari ya huduma kwa wateja, unaipata, unapiga, na anayepokea ni tapeli. Kwa kuwa ni wewe uliyemtafuta, humshuku.

Chukua mfano wa mchuuzi wa omena pale Mbita. Anamtumia mvuvi shilingi 6,500, anakosea tarakimu moja, na pesa zinaenda kwa mtu asiyemjua. Anaingia Facebook na kuandika malalamiko yake kwenye ukurasa wa kampuni ya simu. Baada ya dakika chache anajibiwa na ukurasa wenye rangi na nembo ya kampuni hiyo: pole sana mteja wetu, tupigie kwa nambari hii tukusaidie. Nambari yenyewe ni ya kawaida, inaanza na 07 au 01. Anayepokea ni mpole na Kiswahili chake ni safi.

Ukurasa huo si wa kampuni. Matapeli hushinda kwenye kurasa halisi za kampuni za simu, za benki na za Kenya Power, wakisubiri mwenye shida aandike. Wengine huweka nambari zao mtandaoni ili zionekane mtu anapotafuta kwa Google. Nyingine huingia katika makundi ya WhatsApp, ambako jirani mwenye nia njema huzisambaza akidhani anasaidia.

Ukishapiga, kazi yao ni kukufanya utoe pesa kwa mkono wako ukidhani unarudishiwa. Huanza kwa kukuuliza jina, nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, maswali ambayo hayashangazi mtu. Kisha wanakuelekeza kwenye menyu ya M-PESA. Unaambiwa uingie Lipa na M-PESA, uweke nambari wanayoiita ya marejesho, halafu namba maalumu ya kurudisha pesa, tuseme 14850, na mwisho PIN yako. Hiyo 14850 umeiandika mahali pa kiasi. Shilingi 14,850 zimeenda. Kumbuka hili unapozungumza na yeyote: PIN hutumika kutuma pesa, kutoa pesa, kulipa na kuangalia salio. Kupokea pesa hakuhitaji PIN.

Ujanja mwingine ni wa nyota na reli, na haufahamiki sana. Ukibonyeza *21* ukafuatisha nambari ya simu kisha #, simu zote unazopigiwa huhamia kwa nambari hiyo. Benki ikikupigia kuthibitisha jambo, anayepokea ni tapeli. Nayo *33*0000# hufunga simu unazopiga wewe, usiweze kuwapigia kampuni halisi wala kumwarifu mtu wa nyumbani. Ikiwa umewahi kuelekezwa kubonyeza namba kama hizo, bonyeza ##002# kuondoa uhamishaji wa simu, na #33*0000# kufungua simu zako.

Kutambua sauti ya uongo ni kazi ngumu hata kwa mtu aliyesoma sana. Kilicho rahisi zaidi ni kuangalia nambari imetoka wapi. Mwenye laini ya Safaricom hupiga 100, na kampuni hiyo imewatangazia wateja kwamba yenyewe huwapigia kwa 0722 000 000 pekee. Aliyetuma pesa kimakosa kwa M-PESA hana haja ya kutafuta mtu mtandaoni: anatuma ule ujumbe wa M-PESA jinsi ulivyo kwa 456, na afanye hivyo upesi kabla aliyezipokea hajazitoa. Shida ya tokeni au stima hupelekwa Kenya Power kwa *977# au 97771. Usajili wa SHA hufanywa kwa *147# na hauna ada, kwa hivyo anayekutoza ili akusajilie kwa simu anakuibia. Ya benki imeandikwa nyuma ya kadi yako ya ATM. Ziandike nambari hizi kwenye karatasi na uibandike ukutani. Mtu aliyepoteza pesa huwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo inayompeleka kwa nambari ya kwanza anayoiona.

Wenzetu wa Isebania na Muhuru Bay, wengi wenu mna laini ya Tanzania pia. Nambari fupi za Kenya hazikusaidii kwenye laini hiyo. Upande wa pili wa mpaka ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa 15040.

Tunawahofia zaidi wazee wa miaka 70 na zaidi walio katika Inua Jamii, wanaopata shilingi 2,000 kwa mwezi. Malipo yakichelewa, mjukuu hutafuta nambari mtandaoni ili amsaidie nyanya. Afadhali amsindikize kwa chifu, au wafike Huduma Centre mjini Homa Bay au Migori waulize ana kwa ana. Vivyo hivyo kwa basari na leseni za kaunti: ukikuta nambari inayodai ni ya ofisi yetu na inataka ada itumwe kwa laini ya mtu binafsi, uliza kwanza katika ofisi ya wadi yako.

Ikiwa umeshatuma pesa, usinyamaze kwa aibu. Aibu hiyo ndiyo inayowapa matapeli muda wa kutoa pesa. Pigia kampuni ya simu mara moja, kwa simu ya jirani ikiwa yako imefungwa, na uombe pesa zizuiwe. Badilisha PIN. Tuma nambari ya tapeli kwa 333 ukiwa na laini ya Safaricom, ni bure. Usifute ujumbe wowote, maana ndio ushahidi utakaoupeleka kituo cha polisi, na hakikisha umepewa nambari ya OB. DCI nao wana laini isiyolipiwa, 0800 722 203. Kesi hizi zina sheria yake tangu 2018, ile ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni.

Siku chache baadaye unaweza kupigiwa na mtu anayejiita afisa wa upelelezi, akisema pesa zako zimepatikana na zinangoja ada kidogo. Mara nyingi ni matapeli walewale, kwa sababu nambari yako wanayo na wanajua ulishawahi kutuma. Kata simu. Na ikiwa uliwatajia nambari ya kitambulisho, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni husika ifungwe.