Bunduki Nyepesi kwa Pofu: Anza na Bega, Mizani Baadaye

Pofu dume aliyekomaa anaweza kufikisha kilo 900, na katika jamii nzima ya swala hakuna amzidiye. Mwindaji mwenye kibali anayemfuata katika nyika za Simanjiro, nje ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, huenda akatembea nusu siku juani ili apate nafasi moja tu ya kufyatua. Babati ni mji uliokaa jirani na wanyama: viboko wapo katika ziwa lake, na barabara ya kwenda Arusha hupita Kwakuchinja, mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Mkazi wa Bagara, mjini humo, anayefikiria kununua bunduki ya uwindaji hukutana mapema na ushauri unaovutia: nunua nyepesi, safari ni ndefu. Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Bunduki nyepesi inamfaa mwindaji wa pofu endapo inarusha risasi ya kiasi. Ikibebeshwa risasi kubwa inamharibu mpigaji, na mpigaji aliyeharibika hujeruhi mnyama badala ya kumwangusha. Kwa hiyo mpangilio ni huu: bega la mpigaji kwanza, risasi ya pili, uzito wa bunduki wa mwisho.

Sababu yake ni hesabu ya mwendo. Kinachosukumwa mbele ndicho kinachosukuma bunduki nyuma. Bunduki ya kaliba .30-06 hurusha kichwa cha risasi cha gramu 11.7 kwa mwendo wa karibu mita 820 kwa sekunde. Ukijumlisha na gesi ya baruti inayotoka pamoja nacho, bunduki ya kilo 4 humpiga mwenyewe teke la jouli 25 hivi. Risasi hiyohiyo katika bunduki ya kilo 2.7 hupiga teke la jouli 37 hivi. Umepunguza theluthi ya uzito, umeongeza nusu ya teke. Sasa chukua .375, ambayo kichwa chake kina gramu 19 na ushei: katika bunduki ya kilo 4 teke ni jouli 55 hivi, na katika bunduki ya kilo 3 linapita 70. Maumivu ya bega hupona. Kinachobaki ni jicho lililojifunza kufumba na kidole kilichojifunza kuvuta kifyatulio kwa pupa kabla ya kishindo. Mtutu ukihama sehemu ya kumi tu ya nyuzi moja, risasi inakosea kwa sentimita 17 kwenye umbali wa mita 100. Kwa pofu, sentimita hizo zinatosha kuitoa risasi moyoni na kuipeleka tumboni au kwenye mfupa wa mguu. Isitoshe, bunduki nyepesi hutikisika zaidi mikononi mwa mtu anayehema baada ya kupanda kilima, kwa kuwa haina uzito wa kuituliza.

Je, pofu anahitaji nguvu kiasi gani? Dunia haijakubaliana, na kutokubaliana huko kuna somo. Sweden ina muusi, mnyama mkubwa kuliko wote katika ukoo wa kulungu, ambaye dume lake hupita kilo 400 kwa urahisi. Sheria ya huko inadai kichwa cha risasi cha gramu 10 au zaidi kiwe bado na jouli 2,000 kinapofika mita 100. Kikiwa na gramu 9 hadi 10, kiwe na jouli 2,700. Ndiyo maana kaliba ya 6.5x55, risasi ya kijeshi ya mwaka 1894 yenye teke dogo, imeangusha muusi kwa vizazi na vizazi. Zimbabwe, kwa upande wake, inataka risasi ya pofu iwe na kipenyo kisichopungua milimita 7 na jouli 4,300 inapotoka mtutuni. Pofu ni mzito kuliko muusi wa Sweden, lakini uzito peke yake hauelezi pengo hilo. Tofauti kubwa ni namna sheria zenyewe zinavyofikiri. Sweden imeweka kiwango cha chini kwenye risasi, kisha ikamtaka mwindaji afaulu mtihani wenye sehemu ya kupiga shabaha. Zimbabwe imeweka akiba ya nguvu ndani ya risasi ili kufidia pembe mbaya, kichaka na haraka. Mimi nazichukua zote mbili: akiba iwepo, lakini isizidi kile bega linachoweza kustahimili bila kumfanya mpigaji ashtuke.

Ukitafuta risasi inayokaa katikati ya mawazo hayo mawili, historia inakupa moja yenye asili inayotuhusu. Mwaka 1905, fundi bunduki wa Berlin aitwaye Otto Bock alitengeneza kaliba ya 9.3x62. Aliilenga kwa walowezi na wawindaji wa makoloni ya Ujerumani barani Afrika, Tanzania Bara ya leo ikiwamo, waliohitaji risasi nzito itakayoingia katika bunduki ya kawaida ya Mauser iliyokuwa nafuu na imara. Kichwa chake cha gramu 18.5 huondoka kwa mwendo wa karibu mita 720 kwa sekunde, kikiwa na jouli zinazokaribia 4,800. Leo kaliba hiyo inapendwa na wawindaji wa muusi katika nchi za Skandinavia. Risasi iliyobuniwa kwa nyika zetu ilihamia misituni kwao kwa sababu inazama sana bila kukimbia sana. Anayeona teke lake ni kubwa ana .30-06, yenye jouli karibu 3,900. Kwa viwango vya Zimbabwe haifikii, lakini kwa mpigaji anayesubiri mnyama ageuke ubavu, na anayechagua kichwa cha risasi kilicho imara, inatosha.

Neno imara linastahili kuelezwa, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Moyo wa pofu umekaa chini kifuani, usawa wa kiwiko cha mguu wa mbele, na mapafu yako juu yake. Risasi inayovipata vyote viwili imepita ngozi nene, misuli na pengine ubavu au mfupa wa bega. Kichwa laini cha risasi kinachokwenda kasi hupasuka vipande mapema, kikaacha kidonda kipana kisicho na kina. Kichwa kilichogandishwa vizuri na gamba lake, au cha shaba tupu, hutanuka kwa kiasi na kuendelea kuzama. Cha shaba kina faida nyingine: hakiachi vipande vya madini ya risasi katika matumbo yanayotupwa porini, ambavyo ni sumu kwa tumbusi wanaovila. Kwa hiyo kaliba ya kiasi yenye kichwa bora ni chaguo la busara kuliko kaliba kubwa yenye kichwa hafifu, na bega pia hunufaika.

Wapo watakaopinga kwa kutaja jina la Bell. Mskoti W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880, aliwinda Karamoja nchini Uganda na kwingineko, akaua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki nyepesi ya 7x57. Kama milimita 7 ilimwangusha tembo, kwa nini tuhangaike na 9.3 kwa pofu? Jibu ni kwamba Bell mwenyewe ni ushahidi wa hoja yangu, ila hauko pale unapotazamwa. Alikata fuvu la tembo ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande, akatumia risasi ngumu za kijeshi zisizotanuka, na akafyatua mara nyingi kuliko mwindaji yeyote wa leo atakavyoruhusiwa. Bunduki yake nyepesi ilikuwa na teke dogo kwa sababu risasi yake ilikuwa ndogo. Hakuwahi kusifika kwa bunduki nyepesi yenye risasi kubwa. Anayemwiga kwa kuchukua wepesi wa bunduki yake na kuacha ustadi wake ameiga nusu isiyoua.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: vipi kuhusu nyati? Vichaka vinavyomficha pofu humficha mbogo pia, na kanuni za uwindaji za Tanzania huanzia .375 kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Wengine husema basi nunua .375 moja, nyepesi, ifanye kazi zote. Hapa nakubali nusu. Mwenye kibali cha nyati lazima abebe angalau .375, na kwa risasi hiyo bunduki ya kilo 4 au zaidi pamoja na darubini yake ni uungwana kwa mwili. Akikutana na pofu, .375 hiyo itamfaa vizuri. Lakini mwenye kibali cha pofu peke yake hana sababu ya kubeba teke la nyati, sembuse kulibeba ndani ya bunduki ya kilo 3. Usalama wake mbele ya mbogo hutegemea kumwona mapema na kumpisha, pamoja na kuongozana na askari wa wanyamapori aliye na silaha inayostahili.

Pingamizi la tatu hutoka dukani: funga kifaa cha kupunguza teke kwenye mdomo wa mtutu, kisha chukua bunduki nyepesi yenye risasi yoyote. Kifaa hicho hupunguza teke kweli, kwa kuelekeza gesi pembeni. Lakini gesi hiyo hubeba kishindo kuelekea masikioni mwa mpigaji na mwenzake aliyesimama ubavuni, na porini wachache huvaa vizibo vya masikio. Kununua raha ya bega kwa masikio ni biashara mbovu. Tiba nafuu ziko karibu zaidi: kitako kilichokatwa kwa urefu wa mkono wako, mpira mzuri nyuma yake, mkanda mpana wa kubebea, na fimbo za kuegemezea. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wenye upinde na mshale, hupunguza umbali kwanza ndipo wavute uzi. Mwenye bunduki akiiga hilo, nusu ya madai yake kuhusu nguvu yataisha yenyewe.

Hukumu yangu ni hii. Kwa pofu, chagua .30-06 au 9.3x62, katika bunduki ya komeo yenye kilo kati ya 3.5 na 4 ikiwa na darubini, mkanda na risasi ndani yake. Chini ya hapo unapunguza mzigo wa safari kwa gramu mia chache na kuongeza mzigo wa sekunde moja inayoamua kila kitu. Kabla ya kulipa, hakikisha risasi za kaliba hiyo zinapatikana nchini, soma kiwango kilichowekwa kwa kila mnyama katika kibali cha Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na kamilisha umiliki kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kisha nenda uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, simama, egemea fimbo, fyatua risasi tano kwa mita 100. Kama zote hazikai ndani ya sahani ya chakula, bunduki hiyo bado si yako, hata kama umeshailipia.