Barakoa Zinazowafungua Vinywa Askari

Tangu 2010, wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Iraki na Afghanistan na majeraha ya ubongo na kiwewe cha vita wamekuwa wakipewa barakoa tupu, katika kituo cha tiba kilichomo ndani ya hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, huko Bethesda, Maryland. Huichora na kuipaka rangi wapendavyo. Wako waliougawa uso nusu kwa nusu, upande mmoja askari nadhifu, upande wa pili fuvu. Wako walioufunga mdomo. Kisha huketi na mtaalamu wakazungumza: hapa umechora nini, na mbona jicho hili limefumba?

Swali hilo ndilo kiini cha tiba. Mtu aliyekaa miaka bila kumsimulia hata mke wake yaliyompata, sasa hazungumzi juu ya nafsi yake moja kwa moja. Anazungumza juu ya kitu kilichopo mezani. Anaweza kukigeuza, kukiweka mbali, kukirudia wiki ijayo.

Ukimya wake si ukaidi. Mwaka 1996, mtafiti Scott Rauch na wenzake walipima ubongo wa watu 8 wenye kiwewe huku wakisikilizishwa simulizi za yale yaliyowapata wenyewe. Sehemu zinazohusika na hofu zilichangamka, lakini mtiririko wa damu ulipungua katika eneo la Broca, linalotusaidia kuunda maneno. Watu 8 ni wachache, hata hivyo matokeo hayo yanaendana na wanayoyaona washauri kila siku: mtu anatetemeka, anatoa jasho, na neno halitoki. Kumwambia "sema tu" ni kumdai kitu ambacho kwa wakati huo hana.

Wazo la kutibu kwa sanaa si jipya. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill aliugua kifua kikuu 1938, akajiliwaza kwa kuchora kitandani, na baadaye akawahimiza wagonjwa wenzake. Huko Marekani, mtaalamu wa tiba ya sanaa Margaret Naumburg ndiye aliyesisitiza kwamba mgonjwa mwenyewe aieleze picha yake. Nadhani msisitizo huo ni wa thamani kubwa. Rangi nyeusi si lazima iwe huzuni. Aliyeipaka ndiye ajuaye. Wala hahitaji kipaji. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, watu wazima 39 walifanya sanaa kwa dakika 45, na kwa takriban robo tatu yao kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, kilishuka, wawe wazoefu wa sanaa au la.

Tusiipambe tiba hii kupita kiasi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2012, wenye wagonjwa 417 wa skizofrenia, haukuona nafuu yoyote ya ziada kwa waliopangiwa vikundi vya sanaa, na wengi wao hawakuhudhuria ipasavyo. Mwaka 2016, Wamarekani 11 waliopigana vitani waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakapata tiba ya mazungumzo pekee, wengine mazungumzo pamoja na sanaa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na alama za vipimo hazikutofautiana sana. Lakini waliochora walisema sanaa iliwasaidia kukumbuka, kuzifikia hisia zao, na kulitazama tukio bila kuzama ndani yake.

Kwangu mimi, hiyo ni sababu tosha ya kuunganisha sanaa na mazungumzo. Picha isiyozungumziwa huishia kuwa picha, na mazungumzo yasiyo na pa kuanzia humfanya mgonjwa akate tamaa na asirudi tena.

Basi ikiwa nyumbani kwako yupo mtu mzima aliyenyamaza baada ya ajali, vita au msiba, usimhoji kama mshtakiwa. Mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, asiache dawa alizoandikiwa, na muulizeni mtaalamu huyo kama yuko tayari kuanza na kalamu na karatasi.