Ua lapoa, mshonaji atokota

Je, umewahi kuingia ndani ya jumba kubwa la mabati saa nane mchana, mwezi wa Februari? Sizungumzii kanisa au ukumbi wa harusi ambamo watu hukaa saa mbili tatu wakaenda zao. Nazungumzia jumba la kazi, refu kama uwanja wa mpira, ambamo watu mia tano wameinamia vyerehani tangu asubuhi. Ukitoka nje ukaingia humo, unadhani umefungua mlango wa tanuri la mikate.

Binamu yangu ni mzaliwa wa Kalama, kule kwenye vilima vya Machakos, na kwa miaka minne sasa amekuwa akishona suruali katika kiwanda kimoja huko Athi River. Jina la kiwanda nitaliacha, kwani kisa chake ni cha wengi. Kila siku hutia mkobani kitambaa kidogo ambacho hukilowesha maji na kukifunga shingoni ifikapo saa sita. Mwezi wa Julai, anapoingia zamu ya usiku, mambo hugeuka. Mabati yale yale yaliyomchoma Februari sasa yanamwaga baridi, vidole vinakufa ganzi, na sindano ya cherehani haina huruma na kidole kizito.

Tulikutana hivi majuzi huko Kalama nyumbani kwa mamake, shangazi yangu. Jua lilikuwa kali. Shangazi alituchotea maji kutoka kwa mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, nayo yalikuwa baridi hata meno yakaniuma. Stima haijahusika hapo. Maji hupenya polepole kwenye udongo, yakifika nje hugeuka mvuke, na kila tone linaloondoka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Wakulima wanaohifadhi mboga ndani ya kibanda chenye kuta za makaa yaliyoloweshwa hutumia ujanja huo huo.

Binamu yangu akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: mbona wasitengeneze mtungi wa kuingia watu mia tano?

Maji au stima?

Upo mtungi wa aina hiyo. Ukutani mwa jumba huwekwa pedi nene za karatasi ngumu, maji yakatiririshwa juu yake, kisha feni kubwa za upande wa pili huvuta hewa ipite kwenye pedi hizo. Wafugaji wa kuku na wenye vibandakivuli vya maua huutumia sana. Hapa kwetu Ukambani, ambako hewa ya kiangazi ni kavu, unafanya kazi vizuri. Mombasa haufui dafu, kwa sababu hewa ya pwani tayari imejaa unyevu na haina nafasi ya mvuke zaidi.

Lakini tufanye hesabu kidogo; wanafunzi wa fizikia watanisahihisha. Mtu anayefanya kazi nyepesi hutoa joto la wati 100 hivi, na zaidi akichangamka. Watu mia tano ni kilowati 50, yaani kama pasi 50 za stima zilizowashwa pamoja, na bado hujahesabu pasi zenyewe, mota na taa. Juu yao kuna paa. Jua la utosi humwaga karibu kilowati moja juu ya kila mita ya mraba. Paa la mita 1,500 za mraba likiruhusu hata sehemu moja tu kati ya kumi ipenye, hizo ni kilowati 150 zaidi.

Tuseme tunataka kuondoa kilowati 100 tu kwa njia ya maji. Itabidi tugeuze mvuke lita 150 hivi kila saa. Kwa zamu ya saa nane ni lita 1,200, ambazo ni mitungi sitini ya plastiki ya lita 20.

Nilipomwambia shangazi hesabu hiyo, aliweka kikombe chini. "Mitungi sitini, mwanangu? Kila siku? Ya kupoza hewa?" Yeye amepanga foleni ya maji tangu akiwa msichana, na sikuwa na jibu la kumpa.

Hapo ndipo inapoingia mashine ambayo wahandisi huiita pampu ya joto. Jina ni geni, lakini unayo ndugu yake jikoni. Weka mkono nyuma ya friji yako leo jioni: utahisi joto. Joto hilo limetoka ndani, kwenye maziwa na sukuma wiki. Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto mahali pamoja na kulitupa mahali pengine. Ndani ya mabomba yake kuna gesi inayogeuka kuwa maji na kurudi kuwa gesi. Ikigeuka gesi hunyonya joto. Ikishindiliwa na kompresa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza gurudumu, na moto huo hutolewa nje.

Utamu wa pampu ya joto ni kwamba ina vali ya kugeuza safari. Februari inavuta joto la jumbani na kulitupa nje. Usiku wa Julai inafanya kinyume: inanyonya joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani. Usicheke. Hata hewa ya nyuzi 10 ina joto ndani yake, mradi gesi iliyo bombani ni baridi kuliko hiyo hewa. Na kwa kuwa inahamisha tu, kipimo kimoja cha umeme huweza kusogeza vipimo vitatu au vinne vya joto, ilhali hita ya waya hutoa kimoja kwa kimoja. Wazo hilo lilielezwa na mwanasayansi William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, mwaka 1852. Mwaka 1938 jumba la baraza la mji wa Zurich, Uswisi, lilianza kupashwa joto kwa mashine ya aina hiyo iliyolivuta kutoka maji ya mto Limmat.

Kwa jumba kubwa, wahandisi wa siku hizi hawapendi mtambo mmoja mkubwa wenye mabomba ya hewa yanayotambaa kila pembe. Hupanga vipande vidogo juu ya paa, kila kimoja na feni yake na pampu yake, kila kimoja kikilinda eneo lake la sakafu. Kimoja kikiharibika, mshonaji wa upande ule atalalamika lakini kazi haitasimama. Zamu ya usiku ikitumia nusu ya jumba, nusu nyingine inazimwa.

Kuna tatizo jingine ambalo sikulijua kabla ya kuanza kusoma mambo haya. Hewa ya moto hupanda. Ukiipuliza kutoka paa lenye kimo cha mita nane, itabaki huko huko juu ikiwapasha joto popo. Hewa baridi nayo huanguka kama gunia, na atakayekaa chini yake atatetemeka. Kwa hiyo mdomo wa mashine hizo una mabawa yanayogeuka: wakati wa baridi huirusha hewa ya moto moja kwa moja hadi sakafuni, na wakati wa joto huitawanya kwa mapana ili ishuke taratibu. Aidha, hewa chafu inayotolewa hupitishwa ubavuni mwa hewa safi inayoingia, zikitenganishwa na vibati vyembamba. Hazichanganyiki, ila zinapokezana joto. Vumbi la pamba linatoka, lakini gharama haitoki pamoja nalo.

Jambo moja mnunuzi aulize mapema. Athi River iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni iliyopimwa kwa hewa ya pwani itasukuma mzigo mdogo zaidi ikifika kwetu.

Karatasi kabla ya mtu

Nilipofuatilia historia ya kupoza majumba ya kazi, nilikuta jambo lililoniudhi kidogo. Mwaka 1902, kijana mhandisi Willis Carrier alichora mtambo ambao wengi huuhesabu kuwa mama wa viyoyozi vyote. Uliwekwa katika kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York. Haukuwekwa kwa sababu wachapaji walikuwa wakitoka jasho. Unyevu wa kiangazi ulikuwa ukivimbisha karatasi na rangi zikakosa kukaa mahali pake. Ilipozwa karatasi.

Hapa kwetu hatukwenda mbali na desturi hiyo. Waridi likikatwa Naivasha hukimbizwa kwenye chumba cha nyuzi chache tu juu ya sufuri, na hukaa kwenye ubaridi hadi uwanja wa ndege. Waridi lilipohitaji joto, lilipata pia: mwaka 2003 shamba la Oserian lilikodi kisima cha mvuke wa ardhini kutoka KenGen na kuanza kupasha joto vibandakivuli vyake vya maua, hatimaye hekta 50, ili unyevu wa usiku usilete ukungu kwenye majani. Ni kazi ya kusifiwa, nami naisifu. Lakini binamu yangu aliposikia habari ya waridi lenye hita alicheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha.

Sheria inamtambua yeye pia. Bunge lilipitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1990, na Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000, majumba ya Athi River yakajaa vyerehani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila chumba cha kazi kiwe na hewa safi inayozunguka, na kila mfanyakazi apate nafasi isiyopungua mita 10 za ujazo. Ukitaka kuona hizo ni ngapi, chora chumba cha mita mbili kwa mbili, chenye kimo cha mita mbili na nusu. Kibanda cha askari wa lango.

Je, mwenye kiwanda akimbilie kununua pampu za joto kesho? Kwa maoni yangu, hapana. Aanze na paa. Rangi nyeupe juu ya mabati, tabaka la kuzuia joto chini yake, na matundu ya kutolea hewa kwenye kilele cha paa, ambako hewa ya moto hujikusanya yenyewe. Kisha atazame taa. Wachumi Achyuta Adhvaryu, Namrata Kala na Anant Nyshadham walichunguza viwanda vya nguo vya Bangalore, India, ambavyo vilibadilisha taa za zamani vikaweka za LED ili kupunguza bili. Taa hizo hutoa joto dogo. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2020 walikuta kwamba hasara ya kazi iliyoletwa na siku za joto ilipungua kwa takriban asilimia 85. Taa tu! Mashine ikija baada ya hayo itakuwa ndogo, na stima yake ndogo.

Ikija, aulize ina gesi gani. Kilo moja ya gesi iitwayo R-410A, iliyoenea sana kwenye viyoyozi, ikivuja hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 2,000 za hewa ya kaboni. Ilikuwa hapa jirani, mjini Kigali, Oktoba 2016, ambapo mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Zipo nyingine zenye madhara madogo, propeni ikiwemo, ila propeni hushika moto na fundi wake lazima awe amefunzwa. Vijana mnaosomea ufundi wa friji, hapo pana kazi.

Jioni binamu yangu alijiandaa kurudi Athi River kwa zamu ya Jumatatu. Shangazi alimjazia chupa ya maji kutoka mtungini, akamkumbusha asisahau kitambaa chake kwenye kamba ya nguo. Kilikuwa kimekauka zamani.