Kabla ya Kuliacha Shamba la Wazee

Ndugu zetu wasomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha alitujia baba wa wanafunzi wetu wawili hapa Sumbawanga. Akaketi kitambo asiseme neno, kisha akauliza: "Maalim, ndugu yangu ananiita Dodoma. Asema kazi ya ujenzi ipo, na watoto watakulia katika mji wenye misikiti mingi. Je, niuze shamba nihame, au nikae?"

Swali hili si la mtu mmoja. Serikali ilikata shauri la kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, lakini kuhama kwenyewe kulishika kasi mwaka 2016, na tangu hapo majengo yameota kule kama uyoga, na simu za kuwaita ndugu hazikomi. Njia nayo imekuwa nyepesi. Zamani kutoka hapa kupita Laela mpaka Tunduma wakati wa masika ilikuwa safari ya matope na ya kulala njiani. Siku hizi ni lami, mtu huondoka alfajiri na adhuhuri haijamkuta njiani. Safari imekuwa rahisi. Shauri ndilo lililobaki zito.

Wala kuhama si jambo geni Ufipa. Wakati wa mkoloni vijana wa nyanda hizi walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Wako waliorudi na nguo na baiskeli, na wako ambao mama zao waliwangoja mpaka wakafa. Na dini yetu yenyewe ililetwa bara na watu waliohama, wafanya biashara wa pwani waliofika Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Lau wote wangalikaa makwao, sisi leo tusingalikuwa na msikiti wa kusalia. Kwa hiyo hatukumwambia ndugu yetu kwamba kuhama ni kosa.

Tulimwuliza neno moja tu: "Wahamia nini?" Maana katika Hadithi mashuhuri ya nia, aliyoipokea Sayyidna Umar bin Khattab (Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake), Mtume wetu (Rehema na Amani zimshukie) ametufunza kwamba kila mtu atapata lile alilolihamia. Akanyamaza, kisha akasema kweli: "Nahamia fedha, Maalim." Tukamwambia hapana dhambi katika hilo. Katika Sura ya Jumua tumeamrishwa, sala ikiisha, tutawanyike katika ardhi na kutafuta fadhila za Mola wetu. Lakini safari ya mshahara isivikwe kanzu ya dini, mtu akajidanganya mwenyewe na mkewe.

Tukamkumbusha khabari ya Abdurrahman bin Auf. Alipohamia Madina hana kitu, nduguye wa Kiansari, Saad bin Rabii, alimpa nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, wala hakuichukua. Akaomba aonyeshwe soko liliko, akaanza kwa jibini na samli. Tazameni, ndugu zetu: alihama mikono mitupu, lakini kazi ya biashara alikuwa nayo kichwani. Basi huyu wetu anajua nini? Anajua mahindi, maharage na ulezi. Anajua kufukia majani katika matuta ya ntumba mpaka udongo ukawa mweusi, kama walivyofanya wazee wake. Kujenga hajui. Angekwenda kubeba zege. Na Dodoma ni nchi ya mvua chache: unga hununuliwa, mkaa hununuliwa, chumba hulipiwa, na mahali pengine hata maji hununuliwa kwa ndoo. Mshahara wa mjini husikika mkubwa kwa sababu husemwa kabla haujatolewa vitu hivyo.

Kuhusu misikiti alisema kweli. Sisi hapa Ufipa Waislamu tu wachache. Majirani zetu wengi ni Wakatoliki, tunazikana na kusaidiana kwa wema. Dodoma una misikiti mingi, na ule wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, ni miongoni mwa iliyo mikubwa nchini. Lakini msikiti mkubwa haumwamshi mtoto kwa sala ya Alfajiri. Mzazi ndiye amwamshaye, naye mzazi wa mjini huenda ametoka kungali giza na kurudi watoto wamelala. (Nasi tukiri mbele yenu: kila nyumba ihamayo hutupunguzia wanafunzi, basi maneno yetu hapa yapimwe kwa mizani hiyo.)

Lililo zito kuliko yote halikusemwa na sisi, lilisemwa na mkewe siku ya pili: "Na mama yako nani atamtazama?" Bibi yule amekwisha kusema hatoki mahali alipozikwa mumewe. Yule mtu aliyemwendea Mtume kuomba ruhusa ya jihadi aliulizwa kwanza kama wazazi wake wangali hai. Alipojibu ndiyo, akaambiwa jihadi yake i kwao. Ndugu yetu aliisikia Hadithi hiyo akainamisha kichwa.

Tukamshauri hivi: asiuze hata ukingo wa shamba. Aswali Istikhara, na baada ya mavuno aende peke yake wakati wa kiangazi, ardhi inapopumzika, aone kwa macho yake, arudi kabla ya mvua za Novemba. Kwa siri ya moyo tulidhani akiona atakaa.

Akaenda. Alirudi mwezi wa Oktoba amekonda. Juma mbili za kwanza hakupata kazi. Walilala wanne chumba kimoja. Nduguye hakusema uongo, ila alisema nusu. Lakini kwa fundi mmoja mwema alikuwa amejifunza kupanga matofali, na akiba kidogo alirudi nayo. Akalima, akapanda, kisha akakata shauri, nalo halikuwa letu: shamba akamwachia shemeji yake kwa kugawana mavuno, na mwezi wa Januari akahama na mkewe na wale watoto wadogo. Binti mkubwa amebaki kwa bibi yake kwa ridhaa yake mwenyewe. Hatukupenda mtoto atengwe na wazazi, tukasema; naye akatujibu kwamba kati ya mama yake na binti yake hakuona njia nyingine isiyomwacha mmoja peke yake. Jawabu hilo hatujapata la kulipinga.

Binti huyo amefika katikati ya Juzuu Amma. Kila Ijumaa baba yake hupiga simu, humsikiliza akisoma, kisha humwomba ampe bibi. Shamba halijauzwa.