Marekani: Hoja Zinashinda, Chama Kinashindwa

Novemba 5, 2024, mpiga kura wa jimbo la Missouri alikabidhiwa karatasi ndefu. Juu kabisa palikuwa na wagombea urais. Chini yao seneta, mbunge, gavana na maofisa wengine wa jimbo, kisha majaji wa kubakizwa au kuondolewa, na pia maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana. Kwenye urais, zaidi ya asilimia 58 walimchagua Donald Trump. Kwenye swali lililoitwa Pendekezo A, karibu asilimia 58 walisema ndiyo: kima cha chini cha mshahara kifike dola 15 kwa saa, na mfanyakazi anayeugua au kuuguza mtoto alipwe siku zake. Dola 15 na siku za ugonjwa ni madai ambayo mrengo wa kushoto wa chama cha Democratic umeyapigania kwa zaidi ya miaka 10. Kwa hesabu yoyote ile, laki kadhaa za watu wa Missouri waliyakubali madai hayo na papo hapo wakakinyima kura chama kilichoyabeba.

Missouri haiko peke yake. Mwaka 2020 Trump alishinda Florida, na siku hiyohiyo takriban asilimia 61 ya wapiga kura wa Florida walipitisha dola 15. Nebraska, ngome ya Republican, ilipitisha siku za ugonjwa zenye malipo mwaka 2024. Hapo ndipo penye ugomvi kati ya mrengo wa kushoto na wakubwa wa chama chao. Seneta Bernie Sanders wa Vermont alitoa taarifa mara baada ya uchaguzi wa 2024 akisema, kwa maana, kwamba chama kilichowatupa wafanyakazi kisishangae wafanyakazi nao wakikitupa. Naona kauli hiyo ina ukweli mwingi, ingawa haimalizi habari yote.

Na ushindi wa kura ya maoni si kinga. Mwaka 2025 bunge la jimbo la Missouri, lililo mikononi mwa Republican, lilifuta haki ya siku za ugonjwa ambayo wananchi walikuwa wameipitisha wenyewe miezi michache tu nyuma. Gavana akatia saini, na kuanzia Agosti 28 ya mwaka huo haki hiyo ikakoma. Dola 15 zilisalia.

Kwa msomaji wa huku kwetu, chama cha siasa cha Marekani ni kitu kigeni. Hakuna kadi, hakuna ada ya uanachama, hakuna kamati kuu ya kukata majina ya wagombea. Katika majimbo mengi mtu hutaja chama chake kwenye fomu ya kujiandikisha kupiga kura, na hayo yanatosha. Mgombea hupatikana kwa kura za mchujo zinazopigwa na wananchi, kwa hiyo mlango wa chama uko wazi kwa yeyote mwenye wapiga kura. Sanders, ambaye Seneti inamhesabu kuwa mbunge asiye na chama, aliweza kugombea uteuzi wa Democratic mwaka 2016 na 2020, na ile mara ya kwanza alipata kura zaidi ya milioni 13.

Kwa nini basi wasiunde chama chao? Jibu liko Florida, mwaka 2000. Ralph Nader wa chama cha Kijani alipata kura zaidi ya 97,000 katika jimbo hilo, na George W. Bush akampita Al Gore kwa kura 537 tu. Mahakama ya Juu ikasimamisha kuhesabu upya, Bush akawa rais. Mshindi akichukua kila kitu hata kwa tofauti ya kura moja, chama cha tatu huishia kumwangusha jirani yake. Tangu hapo wengi wa mrengo wa kushoto waliamua kupigana ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba hiyo wanadai urithi. Wanakumbusha kwamba Franklin Roosevelt, Mdemokrati, ndiye aliyetia saini sheria ya pensheni ya taifa mwaka 1935, na mwaka huohuo sheria iliyolinda vyama vya wafanyakazi. Lyndon Johnson alileta bima ya afya ya wazee mwaka 1965. Miaka ya 1950 karibu theluthi moja ya wafanyakazi walikuwa katika vyama vyao. Mwaka 2024 hawakufika mmoja katika kila 10. Viwanda vilihama, na Bill Clinton, Mdemokrati naye, ndiye aliyetia saini mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada mwishoni mwa 1993. Muulize fundi wa zamani wa Ohio au Michigan ni chama gani kilimfungia lango la kiwanda. Hatajibu Republican peke yake.

Uchumi wenyewe unaonekana wazi kwenye malipo ya saa. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25, na hakijapanda tangu Julai 2009. Mtu akifanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, bila likizo, anapata dola 15,080 kwa mwaka kabla ya makato. Mhudumu wa mkahawa ana sheria yake: mwajiri anaweza kumlipa dola 2.13 kwa saa, kiwango cha tangu 1991, na kilichobaki kitoke kwenye bahashishi za wateja. Sheria inamtaka mwajiri afidie bahashishi zisipofikia 7.25, ila anayepaswa kupiga hesabu hiyo na kudai ni mhudumu yuleyule anayeogopa kunyimwa zamu za Jumamosi usiku. Majimbo mengi yameweka viwango vya juu zaidi kwa sheria zao. Karibu 20 yamebaki palepale pa taifa. Na hii ni nchi ambayo asilimia moja ya juu inamiliki kama asilimia 30 ya utajiri wote, ilhali nusu nzima ya chini inagawana kama asilimia mbili na nusu.

Kuna jambo moja ninaloliona kuwa hoja nzito kuliko zote ya mrengo wa kushoto, na huku kwetu halikuzungumzwa vya kutosha. Mwaka 2021, chini ya Joe Biden, serikali iliongeza posho ya watoto. Kuanzia Julai hadi Desemba familia nyingi ziliingiziwa fedha kila mwezi: dola 300 kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, dola 250 kwa mkubwa zaidi. Mzazi asiye na kipato alipata sawa na mwenye kazi, jambo ambalo halikuwahi kuwapo katika posho hiyo. Fedha ziliingia benki, mama akalipa kodi ya nyumba, akanunua viatu vya shule. Kwa kipimo cha serikali kinachohesabu misaada na gharama, watoto maskini walishuka hadi asilimia 5.2, kiwango cha chini kabisa tangu kipimo hicho kianze. Posho ilipokoma, mwaka 2022 kiwango kilirudi hadi asilimia 12.4. Umaskini wa mamilioni ya watoto ulipunguzwa na kurudishwa kwa kura za wabunge, ndani ya miezi, bila vita wala ukame.

Aliyezuia posho isiendelee hakuwa Mrepublikani peke yake. Seneti ilikuwa 50 kwa 50, na Joe Manchin wa West Virginia, Mdemokrati, alikataa mswada mzima ambao ungeiendeleza, Desemba 2021. Miezi tisa kabla, Machi 5, Sanders alikuwa amepeleka dola 15 zipigiwe kura. Zilianguka kwa 42 dhidi ya 58, na miongoni mwa waliokataa walikuwamo maseneta wanane wa upande wake. Kyrsten Sinema wa Arizona aliingia ukumbini na kuelekeza kidole gumba chini.

Kuhusu Seneti, kila jimbo lina maseneta wawili, ukubwa usihesabiwe. Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 ina sauti sawa na California yenye takriban milioni 39. Wakazi wa mji mkuu, Washington, wanaozidi wa Wyoming, hawana seneta hata mmoja mwenye kura. Tena miswada mingi inahitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe. Rais naye huchaguliwa na wajumbe 538, anayefikisha 270 ndiye. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 2.9 na akashindwa. Mipaka ya maeneo ya ubunge huchorwa mara nyingi na mabunge ya majimbo, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema mahakama za taifa hazina la kufanya hata kama mipaka imepindwa kwa faida ya chama. Texas ilichora upya mwaka 2025 ili Republican wapate viti vitano zaidi. California ikajibu kwa mchoro wake mwezi Novemba. Majimbo yote mawili yamewapora wapiga kura haki ya kuchagua, na mrengo wa kushoto uliounga mkono mchoro wa California ulipaswa kuliona hilo.

Fedha za kampeni ndizo zinazowauma zaidi watu wa mrengo huo. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2010 uliruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha bila kikomo katika uchaguzi, mradi zisipitie mkononi mwa mgombea. Mwaka 2024 tajiri Elon Musk peke yake alitumia zaidi ya dola milioni 250 upande wa Trump. Matajiri wa Democratic nao hawakukaa pembeni.

Hata hivyo mlango wa mchujo unaendelea kuwapitisha watu. Juni 2018 Alexandria Ocasio-Cortez, aliyekuwa akihudumu katika baa Manhattan, alimwangusha mbunge mkongwe Joe Crowley. Mwaka huohuo Ilhan Omar wa Minneapolis akachaguliwa kuwa mbunge. Wasomaji wa Mombasa wanaijua Utange, na huko ndiko alikoishi miaka minne kambini akiwa mtoto, baada ya familia yake kukimbia vita vya Somalia. Kisha New York. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, baba yake Mahmood Mamdani akiwa msomi aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishinda umeya Novemba 4, 2025, katika uchaguzi uliovuta kura zaidi ya milioni mbili. Kampeni yake ilikaa kwenye mambo ambayo mtu huyakuta kila asubuhi: kodi isipande katika nyumba takriban milioni moja zinazosimamiwa kisheria, basi liwe bure, malezi ya watoto wadogo yawe bure. Kizingiti chake ni kwamba meya hawezi kuongeza kodi ya mapato kwa matajiri. Uwezo huo uko kwa bunge la jimbo, Albany.

Wademokrati wa katikati wana majibu, na si ya kubezwa. Sanders alishindwa mara mbili. Februari 29, 2020, wazee weusi wa South Carolina ndio waliomwinua Biden, na mtu asiyeweza kuwapata wazee hao hana haki ya kusema anawabeba wafanyakazi wote. Kisha mfumuko wa bei: Juni 2022 ulifika asilimia 9.1, wa juu zaidi kwa miaka 40, na wachumi kama Larry Summers, aliyekuwa waziri wa fedha wa Clinton, walikuwa wameonya kwamba dola trilioni 1.9 zilizomwagwa mwaka 2021 zimezidi. Republican wanaongeza kwamba mshahara ukipandishwa kwa sheria, mwajiri mdogo hupunguza watu. Na si kila kura ni ya tumbo: wapo waliokubali Pendekezo A na bado wakakikataa chama kwa sababu ya mpaka, bunduki au imani. Hoja hiyo ya mwisho Sanders huipita haraka mno.

Mrengo wa kushoto nao una hoja ya Gaza. Februari 2024, katika mchujo wa Michigan, zaidi ya wapiga kura 100,000 wa Democratic waliweka alama ya kutomwunga mkono mtu yeyote, wengi wakipinga silaha zilizokuwa zikipelekwa Israel. Chama hakikusikiliza. Wito ule ulikuwa wa haki, na ulitoka kwa watu wa chama chenyewe.

Mambo haya yanatugusa mfukoni pia. Sheria kubwa ya bajeti aliyotia saini Trump Julai 4, 2025 imepunguza bima ya afya ya maskini, na kuanzia Januari 1, 2026 imeweka kodi ya asilimia moja kwa fedha taslimu zinazotumwa nje ya nchi. Zaidi ya nusu ya fedha zinazotumwa Kenya na walio ughaibuni hutoka Marekani. Anayetuma kwa akaunti ya benki au kadi ya Marekani hatozwi; anayepeleka noti kwa wakala ndiye anayekatwa.

Novemba 3, 2026 ni uchaguzi wa viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi na takriban theluthi ya Seneti. Kama una ndugu aliyekwisha kuapa uraia huko, mwambie ajiandikishe mapema: katika majimbo kadhaa, Texas ikiwamo, daftari hufungwa siku 30 kabla ya kura.