Kuacha kazi ya benki kwa ya serikali si wazimu

Mnamo mwaka 2022, mwanafunzi wangu wa zamani alinipigia simu kunijulisha kwamba alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi katika benki moja jijini Nairobi, ili aende kuwa mhasibu katika serikali ya kaunti moja huko Magharibi. Nilimuuliza kama alikuwa mgonjwa. Alicheka, akasema, "Mwalimu, mimi ni mzima. Barua nimeshaipeleka." Nilimjibu kwa ukali ambao naujutia hadi leo, na makala haya nayaandika kwa sababu ya ukali huo.

Waama, sisi walimu tuna desturi yetu katika jambo hili. Mwanafunzi anayekaribia kuhitimu anapokuja kutaka shauri, tunamwonyesha benki na kampuni za bima, na serikali tunaitaja mwisho kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango wa nyuma. Mtu akitoka serikalini kwenda benki tunampongeza. Akitoka benki kwenda serikalini tunanong'ona: amefukuzwa, ameiba, au akili zimemchoka.

Kwa upande wangu, desturi hiyo ilikuwa na chanzo cha nyumbani. Marehemu babangu alikuwa karani wa serikali wa cheo cha chini. Katika miaka ya tisini, serikali ya Kenya ilipotakiwa na wakopeshaji wake kupunguza gharama, ilianzisha mpango wa watumishi kustaafu mapema kwa hiari. Baba alijiandikisha, na jinsi hiari hiyo ilivyokuwa anaijua yeye. Nilikuwa kidato cha pili. Alipewa malipo yake, akanunua kinu cha dizeli cha kusagia mahindi, na injini ilipokufa hakuwa na pesa za kuitengeneza. Tangu hapo niliapa kwamba hakuna mtu ninayempenda atakayeitegemea serikali. Kiapo hicho ndicho kilichozungumza katika simu ile.

Sikumuuliza dada huyu kilichomtoa benki. Alikuja kunieleza baadaye, bila kuulizwa. Alikuwa akisimamia akaunti za wafanyabiashara. Kila Jumatatu, saa moja u nusu asubuhi, maafisa waliketi mbele ya meneja na kila mmoja akasoma kwa sauti kiasi cha amana alicholeta na mikopo aliyotoa. Aliyefikia tageti, kama walivyoiita, alipigiwa makofi. Asiyefikia aliulizwa mbele ya wenzake atafanya nini kabla ya Ijumaa. Tarehe moja ya kila mwezi hesabu zote zilirudi sufuri, hata kama jana yake ulikuwa umeivuka tageti maradufu. Sheria iliyowekea riba ya mikopo kikomo ilipoanza kutumika Septemba 2016, wenzake kadhaa walipunguzwa na waliosalia wakarithi malengo ya walioondoka. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019, lakini malengo, alisema, hayakushuka hata kwa senti moja.

Mwanaisimu hawezi kulipita neno amana bila kusimama. Amana ni kitu ulichokabidhiwa na mwenzako ukitunze hadi siku atakapokitaka. Katika vikao vile vya Jumatatu, amana ilikuwa samaki wa kuvuliwa. Usiku mmoja, saa tatu, dada huyu alijikuta kwenye simu akimbembeleza shangazi yake ahamishie kwake akiba ya mauzo ya chai, ilhali shangazi hakuwa na haja yoyote ya akaunti ya pili. Shangazi alikubali kwa mapenzi. Hapo, aliniambia, ndipo alipoanza kuitafuta kazi nyingine.

Kutoka hakukuwa rahisi, na hapa nawaomba vijana wanaosoma makala haya wasikilize vizuri. Wafanyakazi wa benki hupewa mikopo ya nyumba kwa riba nafuu. Yeye alikuwa akidaiwa shilingi milioni 5 kwa riba ya asilimia 6, na miaka 15 ilikuwa imebaki. Siku unapoacha kazi, nafuu hiyo inakoma na unatozwa kama mteja yeyote yule. Kwake ilikuwa asilimia 13, na malipo ya kila mwezi yangepanda kutoka shilingi 42,000 hivi hadi 63,000, wakati mshahara wenyewe ulikuwa ukishuka. Waliiuza nyumba ya Ruiru. Mumewe, ambaye ni mwalimu, alikuwa amepewa uhamisho kwenda Magharibi tangu 2018, na kwa miaka minne watoto walikuwa wakimwona baba yao likizoni. Sasa wote wanaishi pamoja katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala. Mama mkwe hajamaliza kuuliza nyumba ya Ruiru ilikwenda wapi.

Hayo yote sikuyajua siku ya simu. Nilimwambia kwamba serikali haina shukrani na kwamba benki ni mwamba. Nilisahau kwamba katika muda usiofika miezi tisa, kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank zilianguka moja baada ya nyingine, na wafanyakazi wake wakalala na uhakika wa kazi wakaamka bila. Aliniacha nikamaliza, kisha akauliza kwa adabu, "Na wewe, Mwalimu, umeajiriwa na nani?" Nilinyamaza. Nimefundisha katika chuo kikuu cha umma tangu nilipoanza kazi, na sijawahi kuomba kazi penginepo.

Swali lake lilinirudisha katika somo ambalo huwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kutokana na pika tunapata mpishi, na kutokana na andika tunapata mwandishi. Vivyo hivyo, kutokana na tumika tunapata mtumishi. Lakini tumika nayo imetokana na tuma, na mzizi huohuo ndio uliotupa mtumwa, yaani aliyetumwa, na pia mtume. Maneno matatu yenye hadhi tofauti kabisa, na asili yake moja: kila mmoja wao ametumwa na mtu. Kwa miaka mingi nimeliandika jambo hilo ubaoni bila kujiuliza swali linalolifuata, yaani aliyetuma ni nani.

Hivi majuzi alinitembelea ofisini. Msomaji asidhani kwamba kaunti ni mahali pa kupumzika. Neno mshahara limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, lakini fedha zinapochelewa kutoka Nairobi, mwezi wa kaunti huweza kuwa na siku 45. Juma lake la kwanza kazini aliletewa bahasha na mwanakandarasi mmoja, akairudisha, na kwa muda wenzake wawili wakaacha kula naye chakula cha mchana. Nilimuuliza kama amepata ile raha aliyoifuata. Alifikiri kidogo, akasema usingizi anaupata, ila si kila siku. Kule benki aliyemsumbua alikuwa tarakimu kwenye ubao. Hapa ni mama aliyeipelekea hospitali maziwa kwa miezi saba, akakopa ili kuwalisha ng'ombe, na sasa ameketi mbele ya meza yake akiuliza faili yake imekwama wapi.

Faili ndiyo iliyomleta kwangu. Malipo ya kaunti hupita mikono mingi: aliyepokea bidhaa, idara, mhasibu, mkaguzi, kisha mfumo wa kompyuta wa serikali, na mwisho idhini ya kutoa fedha. Anayedai haelewi hatua hizo, maana kila karatasi imeandikwa kwa Kiingereza, na asiyeelewa huwa tayari kumlipa atakayejifanya kuelewa. Alitaka kubandika ukutani maelezo ya Kiswahili, ukurasa mmoja, ili kila mtu ajue faili yake iko hatua ya ngapi na ni nani wa kuulizwa.

Tulifanya kazi hiyo alasiri nzima. Tulikwama penye kichwa cha ukurasa. Yeye alitaka "Madeni yanayosubiri". Nilimwambia kisarufi hakuna kosa, ila deni halisubiri. Anayesubiri ni mtu. Alilikata kwa kalamu, akaandika "Watu wanaotudai", akaitazama karatasi kwa muda, kisha akaniuliza kama mkuu wake angekubali kutia sahihi chini ya maneno hayo. Nilimwambia simjui mkuu wake. Aliikunja akaitia mkobani, maana basi la Magharibi lilikuwa linaondoka saa mbili usiku.